Shemeji Alivyougua Ugonjwa wa Baba Yake

Nimeona watu wakijifanya matajiri. Nimeona wakijifanya wasomi. Lakini mtu mzima, mwenye afya yake, ndevu kazipaka rangi, anakaa sebuleni mchana kweupe na kujifanya ana saratani ya mapafu? Hiyo niliiona nyumbani kwangu.

Tena siyo mtu baki. Ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu.

Subirini, msicheke bado.

Baba mkwe wangu alikuwa fundi cherehani. Nusu ya watoto wa mtaa ule walikwenda shule na nembo aliyoitarizi yeye kifuani. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo Mzee aliishi na sisi, mimi na mume wangu. Mume wangu ni mtu mwema sana, anamwambia ndiyo kila mtu isipokuwa mimi.

Juu yetu sote alikuwepo shemeji. Tunamwita Mwenyekiti. Hajawahi kuchaguliwa na mtu, ila mkiwa wawili jikoni mnamenya vitunguu, yeye akiingia tu, tayari ni kikao.

Mzee akaanza kukohoa. Akapungua mpaka suruali alizojishonea mwenyewe zikawa zinamporomoka. Tukampeleka hospitali, akapigwa picha, akatolewa kinyama kikaenda kupimwa. Majibu yalipotoka, daktari akamwita nani? Mgonjwa? Thubutu! Akaita ndugu.

Mwenye kifua akaachwa nje kwenye benchi. Sisi tukaingia kuambiwa kilichomo.

"Ni saratani ya mapafu," daktari akasema. "Imeshasambaa. Hatutaweza kuiondoa, lakini tunaweza kumsaidia aishi vizuri. Mwambieni taratibu."

Mwambieni! Yaani yeye aliyesomea kazi hiyo kashindwa, sisi ndio tuweze.

Wifi yangu, dada yao, akaangua kilio. Mwenyekiti akafungua kikao palepale koridoni.

"Baba haambiwi," akasema. "Akilisikia neno hilo, hafiki wiki."

"Sasa tumwambie anaumwa nini?" nikauliza.

"Shemeji, hili ni jambo la damu."

Maana yake, wewe umeolewa tu, kaa kimya. Na nani wa kumwogesha, kumlisha, kumshika mgongo akikohoa? Hapo damu haikuulizwa.

Wakapitisha azimio. Mzee ana baridi ya kifua.

Sasa jamani, ukishasema ni baridi, itabidi uitibu baridi. Madirisha ya chumba chake yakafungwa. Feni ikapelekwa stoo. Mzee akavikwa soksi, kofia na blanketi juu. Wifi kila akija anapita na matambara kuziba uwazi chini ya mlango. Mtu kabanwa mapafu, nasi tunamzibia hata hewa kidogo iliyobaki!

Kliniki ilikuwa na nesi maalumu. Kazi yake ilikuwa wagonjwa wa mapafu peke yao. Aliwaelekeza dawa, akawapigia simu, akawafuata majumbani. Mwanamke mfupi, mcheshi, hana haraka. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, maana alimuuliza Mzee swali halafu akanyamaza kusubiri jibu. Kwetu hicho kilikuwa kioja.

Tatizo lilikuwa fulana yake ya kazi. Mgongoni imeandikwa KLINIKI YA SARATANI YA MAPAFU, herufi kubwa utadhani bango la matangazo.

Mwenyekiti akamdaka getini.

"Sista, samahani. Tafadhali vaa hili."

Sweta lake mwenyewe. La sufu. La kufunika mpaka shingo.

"Na jua hili?" nesi akashangaa.

"Ni kwa faida ya mgonjwa."

Nesi akanitazama. Nikatazama ndala zangu. Akavaa. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Sista Sweta.

Akawa anaingia chumba kilichofungwa kila upande, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, anamwonyesha Mzee jinsi ya kuinama na kuegemea mto mezani, apumue polepole kama anayepuliza chai ya moto. Akitoka ananivuta jikoni.

"Mama, mfungulie dirisha. Mwekee feni usoni. Ile peke yake inampa nafuu."

Nafungua. Wifi anafunga. Nafungua tena. Kikao kinaitishwa.

"Unataka kumuua baba kwa baridi?" Mwenyekiti akanifokea.

"Lakini shemeji, si tunajua hana baridi!"

"Shhh! Atasikia!"

Uongo wameutunga wao, na wao ndio wa kwanza kuuamini.

Mzee anakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono kaibana magotini, mabega yanapanda na kushuka. Mara nyingine ananitazama na kusema neno moja tu.

"Hewa, mkwe."

Nampepea kwa gazeti. Mikono inachoka, yeye bado anatafuta pumzi. Iliniuma jamani, iliniuma mpaka nikawa nachukia kuisikia sauti ya kitasa cha lile dirisha kikifungwa.

Basi ikapigwa simu. Ilikuwa ya Mzee, lakini Mwenyekiti alishamnyang'anya eti apumzike. Mpigaji ni mtafiti wa chuo. Wanafanya utafiti kuhusu wagonjwa wa saratani ya mapafu, wanaionaje huduma, hasa ya hawa manesi maalumu. Jina la Mzee kapewa na Sista. Angependa kuja nyumbani.

Kikao!

"Mkatalie tu," mume wangu akajaribu.

"Tukikataa atamfuata kliniki, alitamke lile neno mbele yake," Mwenyekiti akasema. "Na pia huu ni utafiti. Wa chuo. Anatakiwa mtu anayejua kujieleza."

"Nani huyo?" nikauliza.

Akaiweka sawa kola ya shati.

Siku ya siku ikafika. Mume wangu akatumwa ampeleke Mzee kwa kinyozi, pale kona, wakae huko mpaka waitwe. Mwenyekiti akajitanda blanketi kochini. Kikohozi hakuhitaji kujifunza, alikuwa nacho cha asili, kwa zile sigara anazovutia nyuma ya choo akidhani hatujui. Pakiti yenyewe ilikuwa inachungulia mfukoni mwa shati.

Mtafiti alikuwa msichana mwenye miwani, mpole. Akaeleza kazi yake, akamuuliza mwenzetu kama anaridhia kurekodiwa. Karidhia, tena kwa bashasha. Kinasa sauti kikawekwa mezani.

"Una umri gani, mzee wangu?"

"Sabini na moja."

Msichana akaziangalia zile ndevu nyeusi. "Umejitunza."

"Ukoo wetu hatuzeeki."

Nilikuwa nimeshika trei ya chai. Vikombe vikaanza kugongana.

"Nesi maalumu anakusaidiaje?"

"Ah, sana. Anakuja. Kavaa sweta lake..."

"Sweta?"

"Ni sare yao mpya."

"Na wewe mwenyewe, moyoni, unajisikiaje?"

Hapo ndipo alipochanua. Akainua uso, akafumba macho nusu.

"Binti yangu, mimi nina amani. Siogopi kitu. Wanangu wananipa kila ninachohitaji. Sijawahi kukosa hata hewa safi."

Wifi, kule kwenye kiti cha pembeni, anafuta machozi. Ya kweli! Kaguswa na ushuhuda!

Sasa kule kwa kinyozi umeme ulikuwa umekatika. Mashine hainyoi. Mume wangu, aliyezoea kusema ndiyo, Mzee akamwambia "turudi", naye akasema ndiyo.

Nilipogeuka, Mzee kasimama mlangoni, kashikilia fremu, anahema. Nyuma yake mume wangu anatupungia mikono kama anayefukuza kuku. Sijui wamesimama pale tangu saa ngapi.

"Endelea, mwanangu," Mzee akasema. "Na mimi nilikuwa nataka kujua naendeleaje."

Loo!

Wifi akapiga yowe. Mwenyekiti akapaliwa na mate yake, safari hii akakohoa kweli mpaka blanketi likaanguka.

"Baba... huyu... huyu dada ni mtu wa bima."

"Huyu dada ndiye niliyemwita," Mzee akasema.

Nikamsogezea kiti kwa mguu. Akakaa, akainama akaegemea meza vilevile alivyofundishwa, akapuliza chai yake ya kufikirika mpaka pumzi ikarudi. Sote tukasubiri. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza ukoo ule kumsubiri mtu amalize.

"Nilimwambia Sista awape jina langu. Nikataka nihojiwe hapa hapa, wanangu wakiwepo. Nilidhani mbele ya mgeni mtaniacha niongee."

"Kwani Baba unajua... unajua unaumwa nini?" wifi akauliza.

"Mimi nimetarizi herufi maisha yangu yote. Nishindwe kusoma zilizoandikwa mgongoni kwa mtu? Alipokuja siku ya kwanza alipita mbele yangu kwenda kunawa mikono, sweta likapanda. Na huko kliniki mnanikalisha nimeligeuzia mgongo bango la mlangoni, lakini jirani yangu wa benchi akaniuliza, 'Mwenzangu, la kwako liko pafu lipi?' Nikamuuliza Sista. Akaniambia yote, na akanishika mkono."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mnalia jikoni, halafu mnaingia kwangu mnacheka. Nikaona mnavyojitahidi, nikawaonea huruma. Nikasema niwaachie hiyo baridi yenu kama inawafariji." Akapumzika kidogo. "Lakini sasa inanikata pumzi. Sitaki kufa nimevaa soksi kwenye joto. Nina mambo ya kuwaambia, na hakuna anayeniacha niage, kwa sababu mtu hafi kwa mafua."

Nikaiweka trei chini, nikalia waziwazi.

Mzee akakivuta kinasa sauti karibu.

"Binti, mimi ndiye mgonjwa. Andika kwamba katika nyumba hii, mtu pekee aliyeniuliza naumia wapi ni yule mwanamke mnayemchemsha ndani ya sweta. Yeye na mkwe wangu." Akanigeukia. "Mama, fungua dirisha."

Nilifungua lile la sebuleni, nikaenda la chumbani, nikafungua na la jikoni ambalo halikuhusika. Safari hii hakuna aliyenyanyuka kufunga.

Mwenyekiti akamsogelea mtafiti, sauti chini.

"Dada, yale yangu si utayafuta?"

"Hapana," msichana akasema kwa upole uleule. "Tangu ulipotaja umri nilishajua, faili lake ninalo, na picha ya uso wake imo. Utafiti una sehemu ya ndugu wa mgonjwa. Si uliridhia? Nimekuweka huko. Umetusaidia sana."

Feni ikatoka stoo. Sista akaanza kuja na fulana yake, maandishi wazi mgongoni, mtaa usome unavyotaka. Akampa Mzee dawa ya kumpunguzia kule kuhema, akatufundisha sote kuipima, hata Mwenyekiti. Hakupona, hilo sisemi. Ila aliongea. Alimwambia wifi anampenda. Alimwambia mume wangu ajifunze kukataa. Alicheka, alitania, na mchana akipata nguvu aliomba sindano, nyuzi na miwani, akawa anashona kitu anachokificha chini ya mto kila tukiingia.

Alifariki asubuhi moja, pazia linapepea.

Baada ya mazishi ukoo ukakutana. Kila mtu akapewa kifurushi alichomwandalia Mzee, kimefungwa kwa kitambaa. Mimi nilipata cherehani, tena mbele ya watu wa damu wote, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Cha Mwenyekiti kilikuwa kikubwa, laini. Akasimama kukifungua ili watu waone.

Lilikuwa sweta lake, lile alilomvalisha Sista.

Limefuliwa, limekunjwa vizuri. Akaligeuza. Mgongoni, kwa uzi mwekundu, herufi zimenyooka kama za nembo za shule, imetariziwa MUULIZE MGONJWA.

Kisha nikamsikia Sista, kule nyuma, anajitahidi asicheke kwenye msiba. Akashindwa. Na mimi nikashindwa.

Siku hizi Mwenyekiti ni mtu wa kualikwa. Kukiwa na mgonjwa kwa jirani anaenda kushauri kwamba wagonjwa waambiwe ukweli, na kwamba yeye alishiriki utafiti wa chuo. Baridi ikishuka analivaa lile sweta, ila amelipindua, nje iwe ndani. Hajui kwamba mshono wa Mzee unaonekana pande zote mbili.

Wenye wagonjwa ndani, sina somo refu la kuwapa. Limeshatariziwa pale. Ulizeni, halafu nyamazeni mpaka mjibiwe. Na akisema anataka hewa, fungueni dirisha.