Aliyekaa Mlangoni Bila Uzito

Kwa miaka ishirini na sita, fundi wa kujalidi vitabu wa maktaba ile hakuwahi kuambiwa arudie kazi, na hakuwa mtu wa kuficha habari kama hiyo. Aliwaambia wageni, akawaambia majirani, akamwambia hata mume wake, ambaye alikuwa ameisikia mpaka akaihifadhi kichwani. "Mkono huu," alikuwa akisema, huku akiunyoosha wa kulia wenye vidole vilivyokaukiwa na gundi, "haujawahi kushona ukurasa mahali pasipo pake." Watu walimwita Mama Gundi, naye aliitika kama mtu aliyepewa cheo.

Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, baada ya ghala la magazeti makuukuu. Kilikuwa na meza moja ndefu, kibanio cha mbao, sindano nene na dirisha lililokataa kufungwa. Katika vitabu vyote vilivyopita juu ya meza ile, kimoja ndicho kilichompatia jina hasa. Kilikuwa hadithi ya picha iliyotoka kwa matoleo kumi na mawili, na yeye akayashona yote kuwa kitabu kimoja kinene chenye jalada la kitambaa cha buluu, nakala pekee iliyokuwapo mjini. Hadithi yenyewe ilihusu shujaa aitwaye Mzito.

Mzito alikuwa shujaa wa anga za juu, lakini ukimwona huwezi kudhani. Hakuruka, hakuwa na joho, wala hakuwa na misuli. Alikuwa mpishi mnene wa chombo cha angani. Kule juu ambako kila mtu huelea kama povu, yeye peke yake alikuwa na uzito wake. Akikanyaga sakafu, amekanyaga. Wenzake walimcheka mpaka siku ya hatari, na siku hiyo walimng'ang'ania miguu wote kwa pamoja.

Sehemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya mlango. Mlango wa chombo unang'oka, hewa inatoka kwa kishindo, watu wanavutwa nje kuelekea gizani. Mzito anakwenda kuketi pale pale penye uwazi, kashika fremu kwa mikono miwili, macho kayafumba. Kurasa tatu nzima hakuna neno. Na kilichowatoa watu machozi ni kwamba, kufikia hapo, uzito wake ulikuwa umekwisha kumtoka. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya, akawa anaelea kama wengine. Hakuwa na chochote, na bado alikwenda kukaa mlangoni.

Aliyeipenda sehemu hiyo kupita wote alikuwa Mchukuzi. Zamani mtu huyu alibeba magunia mawili kwa mpigo sokoni, na wenzake walikuwa wakisimama kumtazama. Kisha mgongo ukamsaliti. Alilala miezi saba akiutazama ukuta, hataki kula, hataki kusemeshwa, mpaka dada yake alipomletea kile kitabu cha buluu. Alipofika kwenye ule mlango aliisoma sehemu hiyo mara tatu, akaomba aletewe uji. Baada ya hapo akajifunza kushona magunia yale yale aliyokuwa akiyabeba, na kwa kazi hiyo akawalea mabinti zake wawili. Ukimuuliza nani alimwinua kitandani, alikujibu bila aibu yoyote kwamba ni Mzito.

Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki. Walikuwa watu kama arobaini, na walikutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha kusomea. Tangu iliposikika kwamba Mzito anatengenezewa filamu, maktaba haikujua tena utulivu. Kionjo cha filamu kilipotoka, walikitazama mara kumi na moja kwenye kompyuta ya mkutubi.

"Huyu mbona mwembamba?" alilalamika kinyozi mmoja. "Mpishi gani huyu hajawahi kuonja chakula chake?"

"Wamemfunga mto tumboni," alisema mwalimu wa hesabu. "Tazama, unamhama kila akigeuka."

"Mwacheni na mto wake," Mchukuzi akawatuliza. "Mimi nangoja mlango tu. Wakiupatia mlango, mengine nimewasamehe."

Filamu ingeonyeshwa Jumapili mchana katika ukumbi wa sinema ulio mtaa wa pili. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, mkutubi, binti mchangamfu, aliingia chumbani kwa Mama Gundi amekumbatia sanduku.

"Shikamoo mama. Tumeazimwa matoleo ya asili ya Mzito kwa ajili ya maonyesho. Yana majalada yake yote, hebu yaone! Naomba unipangie."

"Marahaba. Weka hapo mwanangu, na umempata mwenyewe," akajibu Mama Gundi.

Ni kawaida ya wajalidi kubandua majalada ya karatasi kabla ya kushona, maana huwa yamechakaa na hayashiki uzi. Nambari za matoleo ya Mzito zilikuwa kwenye majalada tu. Ndani, kila toleo lilianza na ukurasa wa kwanza. Mama Gundi akayapanga mezani: la kwanza, la pili, mpaka la saba. Akachukua la nane, akalifunua kwa kujifurahisha tu, akakutana na mlango. Akachukua la kumi na moja. Humo ndani Mzito alikuwa anaugua, uzito ukimtoka.

Alikwenda rafuni akakileta kitabu cha buluu, akavilinganisha huku amesimama. Katika kitabu chake, toleo la nane lilikuwa limeshonwa baada ya la kumi na moja.

Akakumbuka. Dirisha lile lile lisilofungika, upepo, bunda zima chini, na majalada yalikuwa yamekwisha kutupwa. Angeweza kutafuta mtu wa kumuuliza. Hakuuliza, kwa sababu alikuwa Mama Gundi. Aliangalia picha akaamua mwenyewe: huu mlango ni jambo kubwa, lazima liwe karibu na mwisho. Akashona, na kazi ikasifiwa. Kwa miaka mingi mashabiki walibishana kwa nini katika sehemu moja nahodha anamshukuru Mzito kwa habari ya mlango ambao bado haujang'oka. Mchukuzi aliwafafanulia kwamba nahodha alikuwa na maono. Mama Gundi mwenyewe aliwahi kutikisa kichwa kukubali.

Jioni hiyo mume wake, fundi wa majokofu, alisikiliza yote bila kuacha kula.

"Nyamaza tu," akasema. "Nani atajua?"

"Filamu itajua. Jumapili."

"Basi waache wagombane na filamu."

"Na Mchukuzi? Akaambiwe na pazia la sinema, katikati ya watu, kwamba Mzito alipokaa pale alikuwa na uzito wake wote? Kwamba alikuwa anafanya kazi yake ya kila siku?" Akasukuma sahani. "Mtu yule alitoka kitandani kwa ajili ya kosa langu, baba watoto. Nikimwambia, huenda nikamrudisha. Nisipomwambia, atarudi mwenyewe."

Mume wake akaacha kula. "Jina lako je?"

"Jina langu nimelisema vya kutosha," akajibu. Ilimuuma kusema hivyo, lakini baada ya kusema aliona njia yake imenyooka.

Jumamosi alasiri chumba cha kusomea kilijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Mama Gundi alijipiga moyo konde, akasimama mbele na kitabu cha buluu mkono mmoja, toleo la nane mkono mwingine. Hakukohoa wala hakuomba radhi ya kuanzia.

"Mnanijua kwa majivuno," akasema. "Basi leo sikilizeni vizuri, maana sitarudia. Nilikosea kushona."

Akawaeleza. Upepo, majalada, la nane na la kumi na moja. Akawaonyesha nambari. Hakutupia lawama dirisha, ingawa lilistahili. Alipomaliza, wote wakageuka kumtazama Mchukuzi.

Alikuwa ameketi mstari wa mbele, mgongo umenyooka ndani ya mkanda wake wa ngozi. Akanyoosha mkono, akapewa toleo la nane. Akalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, huku watu arobaini wakimsubiri. Mama Gundi alitamani ardhi ipasuke, lakini alibaki pale pale mbele yake. Alijiambia kwamba akilia atalia naye, na akimtukana atayapokea matusi.

"Kwa hiyo hapa alikuwa na uzito wake," Mchukuzi akasema hatimaye.

"Alikuwa nao, kaka."

"Wote?"

"Wote. Ulimtoka baadaye."

"Na ulipomtoka, alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Walimrudisha nyumbani, akapona."

Mchukuzi akalifunga lile toleo taratibu, akaliweka magotini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Mama Gundi akapiga hatua mbele akidhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Kilianzia chini tumboni, kikapanda mpaka akalazimika kuushika mgongo.

"Miaka yote hii," akasema, akijifuta macho, "nasema namwiga Mzito. Kumbe Mzito mwenyewe hakufanya! Aliyekaa mlangoni bila uzito ni mimi."

Dada yake, kule nyuma, aliinamisha uso ndani ya kanga yake.

"Mama Gundi, hicho cha buluu usikifumue," Mchukuzi akaendelea, sasa kwa sauti ya mwenyekiti. "Hicho ni changu. Shona kingine kwa ajili ya wanaotaka cha Mzito." Akamgeukia mkutubi. "Na wewe mwanangu, tiketi yangu ya kesho uliniwekea kiti cha wapi?"

"Katikati, baba. Ndiko kunakoonekana vizuri."

"Nibadilishie. Niweke mbele kabisa," akasema Mchukuzi. "Nataka anione."