Bendera ya Tanganyika Uani kwa Baba

Baba alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali Njombe tangu ujana wake, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupandisha bendera. Mimi ni fundi cherehani, naishi Makambako. Mwaka juzi nilikwenda kumwona wakati wa baridi, akaniambia nitoe sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake. Ndani, chini ya sare zake za zamani, nikakuta bendera: kijani juu na chini, weusi katikati, na michirizi miwili ya dhahabu. Panya walikuwa wametafuna upande mmoja.

"Ni ya Tanganyika," alisema. "Tulipoungana na Zanzibar ikaja mpya. Bwana mkubwa wangu akaniambia hii nikaichome. Kesho yake akaniuliza, nikamwambia nimeshaichoma."

Yule bwana ndiye aliyemlipia mdogo wake baba shule. Alikufa akiamini bendera ile ilishakuwa majivu.

"Nilimdanganya mtu aliyenitendea wema," baba alisema. "Lakini mkono ulikataa, mwanangu."

Akaniomba niishone.

Niliporudi Makambako nilikata kipande kidogo pale palipotafunwa, nikakipeleka dukani kwa jirani yangu, Mpemba mmoja wa makamo anayeuza vitambaa. Ukutani ametundika bendera ya Zanzibar, buluu, nyeusi na kijani, na ile ya Muungano imewekwa pembeni juu. Nilimweleza kipande kilikotoka. Akakilaza mezani, akakinyoosha kwa kidole.

"Sisi nasi tulikaa miaka mingi bila yetu," alisema. "Siku iliporudi kupanda, mama yangu alilia. Na mama hakuwa mtu wa siasa hata kidogo."

Alifungua majora matatu ya kijani mpaka akapata kinacholandana.

Niliishona kwa wiki nzima, nikaifua kwa maji baridi, nikairudisha Njombe. Baba aliipapasa pindo kwa pindo. Halafu akasema, "Ianike uani. Si kwenye mlingoti. Ipate hewa tu."

Nikaianika kwenye kamba, kati ya shuka na kanga zangu. Baba akakaa mlangoni na koti lake zito. Upepo ulipoinyanyua alikaza mgongo, akaweka mikono juu ya magoti.

Akapita kijana mmoja, mwalimu aliyepanga nyumba ya jirani.

"Kamwene, mama," aliniamkia. "Hiyo bendera ni ya Jamaika?"

Niliona aibu, wala sijui nilimwonea nani. Nilitumaini baba hakusikia, kwa kuwa masikio yake yalishachoka.

"Mwite aje," baba akasema.

Mwalimu akaja, akatoa shikamoo, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Baba alimsimulia yote. Alimwambia hata ule uongo, ambao kabla ya mwaka ule hakuwa amemwambia yeyote kati yetu. Mwalimu alisikiliza akiwa ameinama.

"Babu," alisema mwishoni, "mimi nafundisha uraia. Hizi rangi nawatajia wanafunzi kila mwaka. Nimeziona leo, nisizitambue."

"Si kosa lako," baba alijibu. "Ni mimi niliyeificha."

Nilipoiingiza ndani jioni, ilikuwa imekauka. Baba aliikunja mwenyewe, polepole, kona kwa kona, kama alivyofundishwa kazini.

Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Kaka yangu alishauri tumzike nayo, na ndugu wengi wakaafiki. Nilikataa. Niliwaambia ilishakaa sandukuni vya kutosha. Tulibishana matangani siku mbili, na mpaka leo kaka hajaniridhia.

Nilimpa yule mwalimu. Baada ya wiki chache alinitumia picha kwenye simu. Wanafunzi wake wameizunguka bendera iliyotandazwa juu ya madawati mawili, mikono wameiweka nyuma, hakuna anayeigusa.