Kiti cha Jedidah

Hapa Mikinduri kuna watu wanaodhani tezo ya kuchongea huuliza anayeishika ni mwanamume au mwanamke. Jedidah haijawahi kumuuliza. Baba yake, marehemu Salesio, alimfundisha kuchonga viti vya wazee: gogo moja la mti, miguu mitatu, hakuna msumari wala gundi. Ukikosea mguu mmoja umeharibu gogo zima, na Jedidah gogo lililoharibika hulipeleka jikoni likawe kuni, halifichi kwa vanishi. Kwa hiyo hatafuti wateja. Kizuri chajiuza.

Mwezi jana Murungi alimwagiza kiti cha baba yake, aliyekuwa akingoja wageni wa posa ya bintiye. Cha zamani kilikuwa kimevunjika. Kipya kilipokamilika sote tulikipapasa tukakisifu. Kisha mzee akasikia kimechongwa na mwanamke, akaapa hatakikalia mbele ya wakwe.

Murungi akaja karakanani na dawa yake.

"Sista, hii maneno ni ndogo. Braza yako Lennox alete kiti, aseme ni yeye alitengeneza. Pesa itabaki yako."

"Alitengeneza na mkono gani?" Jedidah akauliza. "Lennox hata mwiko hawezi kuchonga."

Lennox, ambaye kazi yake ni kuuza miraa, alicheka kwa aibu. Majirani wakamsihi Jedidah akubali, tena wanawake ndio walioongoza. Nilikasirika mpaka chai ikanipalia. Mtu akikunyang'anya jina la kazi yako amekuachia nini, vumbi la mbao?

Jedidah alikitoa kiti nje, akakiweka mlangoni, akakikalia huku akipiga msasa mguu wa meza.

"Mwambie mzee kiti kimepata mwenyewe."

Siku ya wageni ikafika, na nyumbani kwa mzee hakukuwa na viti ila vya plastiki. Asubuhi alikuja mwenyewe, akiegemea bakora.

"Inuka, mwari, nikichukue. Wageni wako njiani."

"Utawaambia ni kazi ya nani?"

"Ya binti ya Salesio."

"Salesio alikufa. Mimi niko na jina."

Mzee alitugeukia sisi tuliosimama pale, akaona hakuna wa kumsaidia.

"Jedidah," akanong'ona.

"Sijasikia, mzee."

Akalitamka tena, na safari hii barabara nzima ilisikia. Hapo ndipo Jedidah alipoinuka.