Buti za Mama Ulluriaq

Mama mkwe wangu, Ulluriaq, ameshona buti za ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya barafu, miaka hamsini, na sindano yake haikuwahi kutokeza upande wa pili wa ngozi. Ndiyo maana buti zake haziingizi maji. Kila akimaliza moja huipuliza ikavimba kama puto, akaibana mdomo, akaiweka sikioni asikie kama inavuja.

Siku hizi mikono inamtetemeka, na masikio yamekuwa mazito.

"Inavuja?" aliniuliza juzi, akinisogezea buti.

Nilisikia vizuri: fsss, pale mshononi. "Haivuji hata kidogo, Mama." Ningemwambia nini, jamani, na macho yale yananitazama?

Mume wangu, Tulugaq, akazivaa kwenda kuwinda barafuni. Alirudi anachechemea, soksi moja imelowa chapachapa.

"Jasho tu, Mama," akasema.

"Jasho la mguu mmoja?"

Mama akanigeukia, akaniwekea sindano yake mapajani. "Chukua wewe, mwenye masikio mazima."

Ninayo mkononi hadi sasa. Kushona sijui. Miaka kumi na miwili alinibembeleza anifundishe, nami kila siku nilimwambia, kesho, Mama.