Jina Asilolitaja Marita

Felista alikaa ameegemea ukuta wa lokapu ya Tunduma, kiganja chake ndani ya kiganja cha mama yake. Walikamatwa sokoni jana yake. Miaka ile Mwingereza alitaka kila aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Isoka, awe na cheti, na Marita hakuwa nacho. Alikuwa ameolewa Msangano kwa ng'ombe na kwa sala. Cheti cha nini tena? Mumewe alikuwa mbali, machimboni Lupa.

Karani, kijana wa pwani, akawaita mezani. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, nitajie baba mkwe wako. Jumbe akimtambua, unakwenda zako."

Marita akainama. Kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe, hata nyumba ikiungua. Akikutana naye njiani, huingia majanini kumpisha.

"Nisamehe, mwanangu. Silisemi."

"Hulisemi au hulijui?"

"Nalijua. Muulize mtu mwingine."

"Kwani anayefukuzwa ni mtu mwingine?"

Askari wa mlangoni, naye mgeni, akacheka. "Mkwe gani huyo, au ni mzimu?"

Midomo ya Marita ilikuwa ikisali bila sauti. Felista hakuweza kuvumilia. Yeye hakukatazwa, babu alikuwa mtani wake, kila siku humwita mke wangu.

"Ni Mzee Mbonile wa Msangano," alisema. "Mimi mjukuu wake."

Marita akajifunika uso kwa nguo.

"Ahsante, binti. Kumbe una kwenu." Karani akaandika. "Basi wewe utapelekwa kwa babu. Mama, sasa sema na wewe. Sheria inataka kinywa chako, si cha mtoto. Nitajuaje kama wewe si yaya wake?"

Marita alifungua kinywa. Mungu shahidi, alijaribu. Sauti haikutoka.

Felista akaelewa alichokifanya. Angenyamaza, wangevushwa mpaka wote wawili.

"Nifute," alisema. "Nimedanganya. Simjui huyo mzee."

"Binti, jina umelitaja mwenyewe."

Marita akapandishwa lori la Isoka. Askari alimshika Felista mabega, si kwa ukali. Lori likaondoka, na bado mtoto alikuwa akimwambia askari kwamba hana babu, hana kwao Msangano, na yeye apandishwe.