Kisanduku cha Kinyozi

Kwenye grupu letu la simu wananiita Bi Taa, na jina hilo nimelipata kwa haki. Nikimpigia mtu simu, kabla hata ya kumuuliza habari za watoto, namuuliza, "Taa inawaka?" Taa yenyewe ni ya kisanduku cheupe kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, ambacho watu sitini na wawili wamekubali kukaa nacho majumbani na madukani kwao bila malipo. Kazi yake ni kupima mtandao. Kila baada ya dakika chache kinatuma salamu mbali, kisha kinahesabu zimechukua muda gani kwenda na kurudi, na ngapi zimepotea njiani. Watu wakilalamika kuwa mtandao wa mtaani kwao ni mbovu, kampuni huwaambia hayo ni maneno tu. Sisi tunawaonyesha vipimo.

Riziki yangu ni ufundi wa maabara ya kompyuta chuoni. Visanduku ni mapenzi, na mimi nikipenda kitu hukishika kooni. Nina masharti. Kisanduku kichomekwe kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni. Kisifunikwe kitambaa. Kisichomolewe bila kuniambia. Na kila Jumatatu asubuhi naweka kwenye grupu orodha ya vilivyozimika, pamoja na wenyewe. Mume wangu aliwahi kuniambia watu wazima hawaanikwi juani kama nguo. Nikamwambia anywe chai yake.

Kinyozi alikuwa mwenyeji mwema wa kisanduku kuliko wote. Ana duka la viti viwili: kimoja ananyoa yeye, cha pili ananyoa shemeji yake, kaka wa mke wake. Siku nilipompelekea kisanduku alifuta mikono kwa taulo kwanza ndipo akakipokea. Ukuta wake una soketi mbili tu. Moja akakipa kisanduku, ya pili akaibebesha ekstensheni yenye ruta, mashine mbili za kunyolea na feni. Kila mwisho wa mwezi alinitumia picha ya taa ikiwaka, na sikuwahi kumwomba.

Basi ramani ya visanduku vyote, iliyo kwenye simu yangu, ikaonyesha chake kimezimika. Siku moja, mbili, nne. Jumatatu ilipofika nikaandika mbele ya watu wote: "Kinyozi wetu sasa ananyoa hadi mtandao. Siku ya nne hii."

Grupu likacheka. Yeye akajibu, "Kwangu taa inawaka, Bi Taa. Nimetoka kuiangalia sasa hivi."

Nikamwandikia, "Ramani haina sababu ya kukusingizia, kaka."

Mwenyeji mwingine, fundi wa saa, akadakia, "Labda anaangalia taa ya feni." Vicheko vikamiminika, nami nikatia changu. Nikikumbuka kile kicheko natamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu iliyofuata nikamweka tena kwenye orodha. Hakujibu neno. Nikaona ndiyo hivyo, mwenye kosa hana mdomo. Wiki ya tatu nikaamua kumnyang'anya kisanduku nimpe mfamasia wa mtaa huohuo, aliyekuwa akikiomba tangu zamani. Nikamtumia kinyozi ujumbe kuwa naja kukichukua. Akajibu, "Karibu."

Nilifika Jumamosi saa sita mchana. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi, wa nne yuko kitini, joto limejaa hadi mlangoni. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, kimetandikwa taulo. Nikamuuliza, kwa kujaza kimya tu, "Shemeji yuko wapi leo?"

"Nimemwambia akae nyumbani kwanza," alisema, macho kwenye kichwa cha mteja. "Uliposema kisanduku kimezimika, nikafikiri mashine mbili zinakizidi nguvu. Ya shemeji nikaichomoa. Ulipoandika tena, nikachomoa na feni."

Niliinama chini ya meza. Taa ilikuwa inawaka. Mtu mwenye akili timamu angeanzia hapo kujiuliza. Mimi nilisimama nikamwambia, wateja wakisikia, kwamba taa kuwaka si kufanya kazi, hata mlinzi anaweza kulala macho wazi. Mmoja kwenye benchi akacheka.

"Samahani, Bi Taa," kinyozi akasema. "Nimekuangusha."

Nikachomoa. Bado nakunja waya, simu ikatetemeka mkobani. Ni ule ujumbe unaokuja wenyewe kituo kikikatika. Nikausoma nikiwa nimesimama katikati ya nywele za watu: *Kituo: Nyumbani kwa Bi Taa. Hali: kimezimika.*

Niliusoma mara mbili, kisha nikaelewa vyote kwa pamoja. Kisanduku chake na changu nilivibandika siku moja namba ambazo ramani huvitambulia, juu ya meza yangu ya kulia, huku nikizungumza na simu. Namba yake nikaibandika kwenye changu, yangu kwenye chake. Kilichozimika wiki tatu zilizopita kilikuwa cha kwangu.

Nilipaswa kusema palepale. Nilichosema ni "asante," nikatia kisanduku mkobani, nikatoka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Nilifika hadi mlangoni kwa mfamasia. Nilikuwa nimeshaandaa la kumwambia kinyozi kwa simu, jambo la mfumo, hitilafu, lugha ile ya kitaalamu inayowafunga watu midomo. Halafu nikamfikiria yule shemeji aliyekaa nyumbani wiki tatu kwa ajili ya kibandiko. Nikageuka, nikarudi kwa kinyozi.

Mteja alikuwa yuleyule kitini. Nikasema nikiwa mlangoni, maana ningeingia ndani ningenyamaza tena, "Kisanduku chako hakikuwa na kosa. Namba nilizichanganya mimi. Kibovu ni cha kwangu."

Kinyozi akazima mashine. "Umejua lini?"

"Nilipokichomoa."

"Kumbe ndiyo maana ulitoka mbio." Akapuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Mimi nilikuambia wiki ya kwanza."

"Uliniambia."

"Basi."

Hakupandisha sauti, na ningeshukuru kama angeipandisha. Nikatoa kisanduku nikamwomba nikirudishe mahali pake.

"Hapana, dada," alisema. "Mpelekee huyo uliyetaka kumpelekea." Akafungua droo, akatoa mashine ya pili, akaichomeka kwenye soketi ile kilikokuwa kisanduku, kisha akachukua simu kumpigia shemeji yake.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja nyuma ya kabati la sebuleni. Waya ulikuwa unaning'inia kwenye msumari. Niliuning'iniza mwenyewe siku fundi wa rangi alipokuja, siku ileile kituo cha kinyozi kilipozimika kwenye ramani. Nilikuwa nikipita hapo kila asubuhi. Mume wangu akasema alidhani nimekiacha makusudi. Ramani ilisema nyumbani kwangu kunawaka, nami niliiamini kuliko ukuta wangu.

Kuandika kwenye grupu kulinichukua mchana wote. Kwanza niliandika kwamba kumetokea hitilafu ya kiufundi. Nikafuta. Nikaandika kwamba namba "zilichanganyika", kana kwamba zilitembea zenyewe usiku. Nikafuta. Mwishowe nikaandika kuwa nilikosea mimi, kuwa nimemwaibisha mtu asiye na hatia mara mbili, na kwamba namwomba radhi mbele ya wote kama nilivyomwaibisha mbele ya wote.

Majibu yalikuja haraka. Pole Bi Taa. Usijali, mama. Fundi wa saa akaandika, "Kukosea ni kawaida, kazi yako tunaithamini." Hakuna aliyenicheka hata mmoja.

Nilisubiri kinyozi aandike lolote. Jioni nikafungua orodha ya wanachama nitafute jina lake. Hakuwemo. Alijitoa Jumatatu ile ya pili, saa moja baada ya mimi kumtaja. Kisanduku kikinyamaza dakika tano mimi hujua. Yeye alikuwa ameondoka karibu wiki mbili, na sikuwa nimegundua.