Mlango wa Mizigo

Jirani yetu wa mtaa wa Lizaboni huzunguka nchi kwa ndege anayoirusha mwenyewe, na akitaka kununua nyingine huanzia kwenye magurudumu. Huyabonyeza kwa dole gumba kama anayechagua parachichi, kwa sababu hutua kwenye nyasi na changarawe. Jana, alipokwenda na binti yake uwanjani Songea, muuzaji alimsifia ndege ya pangaboi moja, injini yake na viti vyake. Yeye akaomba viti vitolewe. Akapanda kwa mlango wa mizigo, akalala chali sakafuni, mikono kifuani.

“Naenea,” akasema. “Nikifia huko porini, nirudishwe nizikwe nyumbani.”

“Nani atairusha siku hiyo, mzee?” muuzaji akauliza.

Mzee aligeuza kichwa pale sakafuni. Alimtazama binti yake, Leticia, ambaye siku zote alidhani anafundishwa urubani ili watembee pamoja.